Redio ya Gari Kigoma, Tangu Land Rover Hadi Coaster



Mhariri wa jarida letu alinitaka niandike makala ya historia. Nadhani alitazamia habari za Livingstone na Stanley kukutana Ujiji mwaka 1871, au za meli yetu Liemba, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuibuliwa mwaka 1924. Habari hizo ni njema, lakini kila aliyepita katika darasa la historia la shule yetu anazijua, na wageni husimuliwa kila wafikapo. Mimi nimeomba ruhusa niandike juu ya kitu kilicho mbele ya macho ya kila dereva wa Kigoma ambacho hakitiwi vitabuni, nacho ni redio ya kwenye dashibodi ya gari. Nataka kueleza kwa nini watu wa huku kwetu wamekuwa wakiing'oa iliyokuja na gari na kufunga nyingine kwa zaidi ya miaka hamsini.

Nayajua maneno yatakayosemwa. Kwamba redio ya gari ni anasa ya vijana wanaotaka kupiga muziki hadi vioo vitetemeke, na kwamba mzee mzima aliyestaafu kazi ya umeme angepaswa kuwa na mambo mazito zaidi ya kuandika. Basi na wasome kwanza. Hoja yangu ni kwamba redio iliyotoka kiwandani haikupata hata siku moja kutengenezwa kwa ajili ya anga la Kigoma, na kila ilipobadilishwa, swali lililokuwa nyuma ya bisibisi ya fundi lilikuwa hili: tutamsikia nani? Sisi tuko ukingoni mwa nchi. Dar es Salaam iko zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli. Bujumbura iko jirani, na milima ya Kongo tunaiona kwa macho siku ya anga safi. Mtu anayekaa mahali kama hapo hawezi kupuuza redio.

Kwanza niwakumbushe vijana jambo moja ambalo wengi hawalijui. Redio ya gari ilizaliwa ikiwa kitu cha kuongezwa, kabla ya viwanda vya magari kuifikiria. Mwaka 1930 huko Marekani, Paul Galvin na wenzake walifunga redio ndani ya gari lake, akaliendesha hadi Atlantic City kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio, akawa anaiwasha nje watu wasikie. Jina aliloipa, Motorola, baadaye likawa jina la kampuni yenyewe. Ulaya, Blaupunkt ya Ujerumani ilitoa ya kwake mwaka 1932, nayo ilikuwa dude kubwa lisiloweza kukaa kwenye dashibodi. Redio hizo zilitumia valvu zilizohitaji volti nyingi kuliko za betri ya gari, na ilikuwa hadi mwaka 1955 ndipo ilipouzwa redio ya gari ya transista tupu. Kwa hiyo kijana anayenunua redio dukani leo na kuipeleka kwa fundi anafanya lile lile lililofanywa na Galvin, na hana haja ya kuona haya.

Huku kwetu, gari la zamani ninalolikumbuka ni Land Rover. Gari hilo lilikuja bila redio yoyote. Dashibodi yake ilikuwa bati, yenye saa chache na swichi, na mwenye kutaka redio alitafuta mahali pa kuining'iniza chini yake kwa vipande vya chuma. Magari mengi siku hizo yalifika kwa treni, yamefungwa juu ya mabehewa ya mizigo, na redio ilifika baadaye ndani ya sanduku la mtu aliyetoka Dar es Salaam au aliyevuka kutoka Bujumbura.

Mafundi wa kwanza walikutana na mtego ambao vijana wa leo hawaujui. Land Rover za Uingereza hadi kama mwaka 1967 zilikuwa na bodi iliyounganishwa na upande chanya wa betri. Redio za Kijapani na nyingine nyingi zilitazamia bodi iwe hasi. Ukiifunga redio kwa skrubu kwenye bati la gari kama hilo na kuipa umeme bila kufikiri, unaipa umeme kinyume, na transista hazisamehe. Redio nzuri za wakati ule zilikuwa na kiplagi kidogo nyuma cha kugeuza pande. Zisizokuwa nacho zilifungwa juu ya ubao au mpira ili kasha lake lisiguse bodi kabisa, na eriali nayo ikatengwa vivyo hivyo. Nilipokuwa mwanagenzi katika kibanda cha umeme wa magari pale Mwanga, baada ya kumaliza kidato cha nne mwaka 1976, fundi wangu alikuwa na desturi ya kuuliza swali moja kabla hajashika kitu chochote: "Bodi yake chanya au hasi?" Asiyejua kujibu alipelekwa kupima kwanza. Somo la fizikia tulilofundishwa shuleni nililielewa hapo.

Na walisikia nini? Walisikia Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC Taifa. Utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikaishika redio moja kwa moja ikawa RTD. Walisikia pia Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ile ya Sauti ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1963, na redio ya Bujumbura. Stesheni za mbali zilikuja kwa masafa mafupi, yaani mawimbi yanayorukia juu na kurudi chini mbali sana. Masafa ya kati tabia yake ni nyingine. Mchana hutambaa juu ya ardhi na kuchoka mapema, lakini usiku nayo hupanda na kurudishwa na tabaka za juu za anga, ndiyo maana dereva wa usiku alisikia nchi tatu kwa kugusa kisu kidogo tu cha redio yake.

Redio ya gari yenye masafa mafupi, basi, ilikuwa mali. Siku ile ya tarehe 2 Novemba 1978 Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba tutampiga Idi Amin, pale Mwanga watu walilizunguka lori moja lililokuwa na redio kama wanavyozunguka mgebuka uliotoka majini. Redio za majumbani zilikuwapo, nyingi zikiwa National na Philips, lakini mawe ya redio yalikuwa haba, na betri ya lori haiishiwi upesi. Mwenye lori alifungua milango yote miwili na kuiacha redio iseme.

Sasa niingie miaka ya kaseti. Kaseti ndogo tunayoijua ilitolewa na Philips mwaka 1963, na miaka michache baadaye ikaingia katika magari. Kwetu ilishika hasa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati mbaya kabisa kwa mambo ya fedha. Vita ilikuwa imetugharimu, fedha za kigeni hazikuwapo, mafuta yalikuwa ya kupanga foleni, na kuleta kitu kutoka nje kulihitaji kibali kisichopatikana. Lakini ziwa halina ukuta. Deki za kaseti zilivuka kwa mitumbwi pamoja na sabuni na vitenge, nazo kaseti za muziki wa Zaire zilikuja na deki zake. Mwaka 1983 ulipoanza msako wa wahujumu uchumi, baadhi ya deki hizo zilichomolewa upesi kuliko zilivyofungwa, maana mwenye gari hakuwa na risiti ya kuonyesha. Nilifungua kadhaa usiku kwa taa ya karabai, na mashimo yakazibwa kwa vipande vya mbao. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu walete bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na mwaka uliofuata ikaanza enzi ya ruksa ya Mzee Mwinyi, mbao zile zilitolewa na deki zikarudi mahali pake bila maneno.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo mimi naliona ni la maana katika historia hii, ingawa wakati ule hakuna aliyeliona. Deki ya kaseti ilichukua nafasi ya redio ya masafa mafupi. Shimo la dashibodi lilikuwa moja. Kufikia miaka ya 1980 vipimo vyake vilikuwa vimeanza kuwa sawa duniani kote, milimita 180 kwa 50, kwa kipimo kilichoanzia Ujerumani, jambo lililorahisisha sana kazi yetu. Zamani ilibidi tutumie msumeno na tupa kwa kila gari. Lakini deki nyingi mpya zilikuwa na kaseti, masafa ya kati na FM tu. FM siku hizo kwetu ilikuwa mahali patupu. Dereva alifurahi kwa sababu ya muziki, na bila kujua akawa amejifungia dirisha lililokuwa linamletea habari za dunia.

Gharama yake ilionekana Oktoba 1993. Tarehe 21 ya mwezi huo Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa na wanajeshi walioasi, na katika siku zilizofuata watu maelfu kwa maelfu walivuka mpaka kuingia mkoani kwetu. Dereva mmoja wa lori, ambaye redio yake ya masafa mafupi niliifunga kwa mikono yangu, alikuwa njiani kwenda Manyovu na mzigo. Aliisikia habari ile kwa Kiswahili akiwa barabarani, akasimama kijiji cha karibu, akaulizia, akageuza lori. Nyuma yake alipishana na mwenzake mwenye deki mpya kabisa, kaseti inaimba, hajui lolote. Alimpungia mkono asimame, jamaa akadhani anasalimiwa, naye akapunga na kupita. Jamaa huyo alirudi salama baada ya siku nne, akiwa amebeba watu badala ya mzigo. Aliporudi, alikuja kibandani kwangu moja kwa moja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Karibu."

"Ile redio yangu ya zamani uliyoitoa, unayo?"

"Ipo. Nimeifunika gunia."

"Nirudishie."

"Na deki?"

"Deki iache ilipo. Zote mbili."

Basi nikamfungia redio ya zamani chini ya dashibodi, kama zilivyokuwa zikifungwa kwenye Land Rover, na deki ikabaki shimoni. Alikuwa wa kwanza, na hakuwa wa mwisho. Kwa miaka kadhaa, hasa baada ya vita kuingia upande wa pili wa ziwa mwaka 1996, malori ya Kigoma yalitembea na redio mbili. Wageni kutoka Dar es Salaam walituona washamba.

FM nayo ikaja. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa stesheni za watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994. Huku magharibi, Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na redio iliyosema habari za watu waliovuka mpaka na za wenyeji waliowapokea, kwa lugha zao. Upande wa pili wa ziwa, Radio Okapi ilianza mwaka 2002 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama macho ya mtu, mlima huyazuia, lakini maji hayayazuii. Kwa hiyo ufukweni Kibirizi unaweza kusikia jirani wa ng'ambo kwa uzuri kuliko unavyomsikia mtu wa mkoa wako aliye nyuma ya vilima.

Wakati huo huo ndipo magari yaliyotumika Japani yalipoanza kumiminika, na pamoja nayo kitendawili kilichowapa mafundi wa Mwanga na Ujiji kazi ya miaka ishirini na zaidi. Mtu ananunua Corolla safi, redio yake nzuri, sauti tamu. Anaiwasha. FM inaishia 90. Anazungusha, inarudi 76. Stesheni zote anazozijua ziko 92, 97, 103, na redio yake inajifanya hazipo duniani.

Sababu yake ni ya kihistoria, na wanafunzi wa sasa waijue. Nchi nyingi duniani, na yetu ikiwamo, hutumia megahezi 88 hadi 108 kwa FM. Japani ilitenga 76 hadi 90, kwa sababu 90 hadi 108 ilikuwa imekwisha pewa televisheni, chaneli ya kwanza hadi ya tatu. Televisheni hiyo ya zamani ilizimwa karibu nchi nzima tarehe 24 Julai 2011, na baadaye Wajapani wakaisogeza FM yao hadi 95. Magari mapya kidogo hufika hapo. Lakini yale yaliyojaa barabara zetu, ya miaka ya 1990 na 2000, husikia kwetu ukanda mwembamba wa megahezi mbili tu, 88 hadi 90. Ajabu ni kwamba masafa yao ya kati yanatufaa kabisa, maana Japani na sisi tunapanga stesheni kwa hatua ya kilohezi 9, wakati Marekani ni 10. Ndugu zetu walioko huko wakituletea redio, wakumbuke kutazama kama ina swichi ya kubadili hatua hiyo.

Dawa ya kwanza ilikuwa kikasha kidogo kinachofungwa kati ya eriali na redio, kinachoyashusha mawimbi. Kikishusha megahezi 12, stesheni ya 98 utaikuta kwenye 86. Ni rahisi, na kwa miji mikubwa kinatosha. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili na apige hesabu hii. Redio ya Kijapani ina nafasi ya megahezi 14, kutoka 76 hadi 90. FM yetu ina upana wa 20. Ukishusha 12, unapata 88 hadi 102 na kupoteza zote za juu. Ukishusha 18, unapata 94 hadi 108 na kupoteza za chini. Hakuna namna ya kutia debe moja la unga katika kibaba. Tena vikasha vya bei nafuu huongeza mkwaruzo, na kwetu, ambako stesheni nyingi huja zikiwa zimechoka, mkwaruzo kidogo ndio tofauti kati ya kusikia na kutosikia. Ndiyo maana mafundi wa Kigoma waliviacha mapema na kuwaambia wateja wang'oe redio yote.

Hapo napenda kusema neno juu ya waya, kwa kuwa wengi wameunguza mali. Redio nyingi za dukani zina desturi yake ya rangi. Njano ni umeme wa kudumu unaotunza saa na kumbukumbu, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni bodi. Nyeupe, kijivu, kijani na zambarau ni za spika. Toyota ina desturi yake yenyewe. Kwake buluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kahawia ni bodi, na kijivu, tafadhali sikilizeni, ni umeme wa ufunguo. Fundi wa haraka akiunganisha kijivu kwa kijivu kwa sababu rangi zimefanana, anapeleka volti 12 katika mdomo wa spika wa redio mpya. Moshi wake mdogo una harufu ambayo hutaisahau. Vile vile, redio za zamani zilikubali upande mmoja wa spika ushikwe kwenye bodi ya gari, lakini za leo hazikubali. Waya zote mbili za kila spika lazima zirudi kwenye redio, bila kugusa chuma. Na dashibodi za Toyota za Kijapani zina shimo la upana wa milimita 200, wakati redio kubwa ya kawaida ni 180 kwa 100, kwa hiyo kuna vipande vya plastiki vya kuziba pembeni. Msikubali fundi azibe kwa karatasi.

Kuna na vichekesho. Magari yenye ramani yalipoondolewa betri safarini, ile redio ilijifunga na kudai namba ya siri au kadi ya ramani, yote kwa maandishi ya Kijapani, na kadi imebaki kwao. Na magari kadhaa ya hapa mjini humwamkia mwenyewe kila asubuhi kwa sauti ya mwanamke wa Kijapani. Watu walidhani anawatakia safari njema. Kumbe analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijatiwa.

Sasa nije kwenye jambo linalotuhusu sisi kama chama. Wote mnajua kwamba michango yetu imewezesha shule kupata Coaster iliyotumika Japani, ya kubebea wanafunzi kwenda kwenye michezo na safari za masomo. Katika mkutano uliopita ilitolewa hoja ya kufunga redio mpya, na ndugu yetu mmoja, mtu ninayemheshimu, akasema fedha hizo ziende kwenye matairi. Hoja ikaahirishwa. Kuhusu matairi sibishani naye, yanunuliwe kwanza. Lakini gari lile hupita njia ya Kasulu na Kibondo likiwa na watoto wa watu zaidi ya ishirini, na FM yake inaishia 90. Mvua ikivunja daraja mbele, au jambo likitokea mpakani, dereva atategemea simu, ambayo kwenye vilima hukatika, na ambayo sitaki aishike akiwa usukani. Redio ya leo yenye FM kamili inapatikana kwa bei ya chini kuliko tairi moja la basi hilo. Masafa mafupi, kwa bahati mbaya, kwenye redio za magari za leo ni nadra, na hilo tutalikosa.

Kama kamati itakubali, naomba yafuatayo yazingatiwe. Coaster nyingi za dizeli za soko la Japani ni za volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizofuatanishwa, na redio za kawaida ni za volti 12. Ikiwa yetu ni hivyo, na ipimwe kwanza, atatokea fundi atakayesema achukue umeme katikati, kwenye betri moja. Redio itawaka, naye atalipwa na kuondoka. Lakini betri ile moja itakuwa inatumika zaidi ya mwenzake huku alteneta ikizichaji zote sawa. Moja itabaki na njaa, nyingine itachemka, na baada ya miezi michache tutanunua betri mbili. Kinachotakiwa ni kipunguza volti kutoka 24 hadi 12, cha ampea 10 au zaidi, kilichofungwa mahali penye hewa, na chenye waya wake wa kumbukumbu ili redio isisahau stesheni kila ufunguo ukitolewa. Fyuzi iwe karibu na betri, isiwe karibu na redio.

Redio ya zamani isitupwe wala kuuzwa kabla ya kuchunguzwa. Mabasi hayo mara nyingi huwa na kipaza sauti cha mwongoza watalii, na huenda kimeunganishwa ndani ya redio hiyo hiyo. Mwalimu wa zamu atakihitaji.

Malipo ya ufundi sitaki. Ninachotaka ni wanafunzi wanne au watano wa fizikia waje Jumamosi moja asubuhi, na mwalimu wao, tulifungue pamoja. Bisibisi na risasi ya kulehemu ninavyo. Kipimo cha umeme cha maabara kije nacho, maana changu kimezeeka, na kabla mtu hajagusa waya wowote nitamuuliza kwanza bodi yake ni chanya au hasi.